Mara Ngapi kwa Wiki? Shajara ya Mradi wa Kulisha Nyuti na Salamanda

Wiki ya 1

Mradi huu umeanzishwa na tumbo. Nafuga salamanda, amfibia jamaa za vyura wenye mkia na umbo kama la mjusi. Yule mkubwa, wa aina ya chuimilia anayeitwa kitaalamu Ambystoma tigrinum, amenenepa hata anapotembea tumbo lake linaburura udongo, na nyuma ya kwapa zake yametokea mafungu mawili ya mafuta ambayo mwaka jana hayakuwapo. Nilikuwa nikimlisha kila siku kwa sababu kila siku alikuja kuomba. Jina lake ni Bonge. Alipopewa lilikuwa mzaha.

Wanyama wanaohusika ni sita: Bonge, salamanda wa moto mmoja, Salamandra salamandra, mweusi mwenye mabaka ya manjano, na nyuti wanne wa tumbo la moto, Cynops orientalis, ambao ni salamanda wadogo wenye asili ya China na hukaa majini karibu wakati wote. Ninachotaka kujua ni kila mmoja alishwe mara ngapi, na ni dalili zipi zitakazonionyesha kwamba nimezidisha au nimebana mno.

Nimeanza kwa kupima uzito. Mizani ya jikoni haifai, kwa kuwa nyuti mzima ana gramu mbili au tatu tu, na kosa la gramu moja ni sehemu kubwa ya mwili wake. Natumia mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Juu yake naweka kikopo chenye karatasi laini iliyoloweshwa, nairudisha mizani kwenye sifuri, kisha namwongoza mnyama aingie mwenyewe badala ya kumshika, kwa sababu ngozi ya amfibia hupitisha maji, hewa na pia uchafu wowote ulioko viganjani mwa binadamu. Nyuti hawa wana sumu ya tetrodotoksini ngozini, kwa hiyo mikono inaoshwa kabla ya kazi kwa ajili yao na baada ya kazi kwa ajili yangu.

Vipimo vya mwanzo ni hivi: Bonge gramu 71.4, salamanda wa moto gramu 31.2. Nyuti nimewapa namba: N1 gramu 3.4, N2 gramu 2.3, N3 gramu 1.9, N4 gramu 3.1.

Wiki ya 2

Ratiba ya kwanza imebandikwa juu ya kifuniko. Nyuti watalishwa siku moja na kupumzishwa siku moja. Salamanda wa moto mara mbili kwa wiki. Bonge naye mara mbili, nyungunyungu wawili kila mara. Kipimo cha ukubwa wa tonge ni nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mnyama: chakula kinene kuliko hapo hukatwa.

Nimeshauriwa mara nyingi kutumia kanuni ya dakika kumi na tano, yaani mnyama apewe kile anachoweza kumaliza ndani ya muda huo. Kwa nyuti kanuni hiyo inafaa kiasi, kwa kuwa hula polepole na hupoteza hamu mapema. Kwa salamanda chuimilia haifai hata kidogo. Katika dakika kumi na tano Bonge angemaliza kopo zima la nyungunyungu, kisha angekuja kuuliza kama limebaki kopo.

Wiki ya 3

Kosa la kwanza ni langu. Jumatatu niliyeyusha kipande cha mabuu mekundu ya usubi yaliyogandishwa, nikakitia chote katika tangi la nyuti, nikaondoka. Jumanne asubuhi mabuu yaliyobaki yalikuwa yamejikusanya nyuma ya jiwe kama uzi mwekundu uliokwisha kuwa kijivu, na maji yalikuwa na ukungu. Kipimo cha amonia, sumu inayotokana na kinyesi na uozo, ambacho katika tangi lililokwisha kujenga bakteria wake kinapaswa kusoma sifuri, kilisoma 0.5. Nilinyonya mabaki kwa mpira mwembamba, nikabadilisha theluthi ya maji, na kesho yake nikarudia.

Tukio hili limebadilisha namna ninavyoliangalia swali lenyewe. Idadi ya milo si suala la tumbo la mnyama pekee, kwa kuwa kila kinachoingia tangini hugeuka amonia, ama kwa kupitia kwa mnyama, ama kwa kuoza, na bakteria wa kwenye chujio wana kiwango cha kazi wanachoweza kuhimili kwa siku. Tangi dogo linalolishwa mara nyingi humdhuru nyuti hata kama yeye mwenyewe hajashiba. Kuanzia sasa mabuu yanatiwa kwa bomba la kudondoshea, machache machache, na mabaki yanaondolewa kabla ya saa mbili kupita.

Jambo lingine la wiki hii ni kwamba N1 ameanza kutaga. Hutaga yai moja moja: hulishika jani la mmea wa majini kwa miguu ya nyuma, hulikunja, hukaa ametulia dakika kadhaa, na anapoliachia linabaki limejikunja kama bahasha. Nimekata majani kumi na manane yaliyokunjwa na kuyahamishia katika beseni la pekee, kwa sababu nyuti wazima hula mayai yao wenyewe bila ya haya, na huo nao ni mlo ambao haumo katika ratiba.

Wiki ya 5

Jaribio dogo kuhusu kuomba. Kila kifuniko kinapofunguliwa, Bonge hutoka mafichoni, huja hadi ukingoni na kuinua kichwa. Kwa siku sita nimefungua kifuniko mara tatu kwa siku, na katika mara hizo kumi na nane chakula kimetolewa mara mbili tu. Amekuja mara kumi na saba. Mara moja alikuja ilhali mkia wa nyungunyungu aliyempokea muda mfupi uliopita ulikuwa bado unaning'inia pembeni mwa mdomo wake. Alisimama hivyo hivyo, akinitazama, akisukuma tonge ndani kwa kufumba macho. Salamanda humeza kwa msaada wa macho: macho hushuka chini ndani ya kaakaa na kukisukuma chakula kooni, kwa hiyo mtu huona macho yanazama kila anapomeza.

Kuja kwake ukingoni, basi, hakuniambii lolote kuhusu njaa. Amejifunza tu kwamba mwanga na mtikisiko wa kifuniko hutangulia chakula. Safu ya daftari iliyokuwa na kichwa "ameomba" nimeifuta, na mahali pake nimeandika "upana wa tumbo kutoka juu". Tumbo la salamanda aliye katika hali nzuri, akitazamwa kwa juu, lina upana unaokaribiana na wa kichwa. Shina la mkia ni nene lakini halijatuna. Mifupa ya nyonga haionekani. La Bonge linazidi upana wa kichwa kwa zaidi ya nusu.

Wiki ya 6

Mayai kumi na mawili yameanguliwa. Sita yaliota ukungu. Viluwiluwi hawa ni vijiti vya uwazi vyenye matamvua ya kupumulia shingoni. Kwa siku chache za mwanzo hawali kitu, wanaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, na kuwatilia chakula wakati huo ni kuchafua maji bure. Nimekuwa nikiwakagua kwa lenzi kila jioni hadi ile rangi ya manjano tumboni ilipotoweka.

Katika tangi la wazima, N2 amekataa chakula siku nne. Nilianza kuwa na wasiwasi, kisha usiku wa siku ya nne nikamkuta akijisugua kwenye jiwe. Ngozi ilikuwa imeachana mdomoni, akaivua kuelekea nyuma kama mtu anayevua soksi, ikamtoka nzima pamoja na vidole, akageuka na kuila. Asubuhi alikula mabuu kama kawaida. Naandika hapa ili nikumbuke: kukataa mlo mmoja au miwili kabla ya kujiambua si ugonjwa.

Wiki ya 7

Viluwiluwi wameanza kula, na kazi yao peke yao imezidi ya wanyama wengine wote kwa pamoja. Wanahitaji chakula hai kinachotembea, kilichokufa hawakioni. Naangua mayai ya artemia, wale kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, ndani ya chupa yenye maji ya chumvi na hewa inayopulizwa mfululizo, kwenye joto la nyuzi 26 hivi, na baada ya siku moja chupa inakuwa na wingu la rangi ya chungwa. Nachuja kwa kitambaa laini, nasuuza kwa maji baridi ili chumvi isiingie katika beseni, kisha nadondosha. Nawalisha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Artemia hawaishi muda mrefu katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo waliobaki huzama na kuanza kuoza, na kila baada ya mlo lazima sakafu ya beseni inyonywe.

Ukiinama karibu na beseni dakika tano baada ya kuwalisha, unaona matumbo yote kumi na mawili yamegeuka rangi ya chungwa. Hicho ndicho kipimo changu cha shibe kwa umri huu, na sijapata kingine kilicho rahisi kuliko hicho. Jioni rangi imefifia. Asubuhi imekwisha kabisa.

Wiki ya 9

Jumamosi nilichelewa kurejea, viluwiluwi wakakosa mlo wa jioni na wa asubuhi iliyofuata. Nilipowahesabu, wawili walikuwa na mguu mmoja wa mbele umekatwa kwenye kiwiko. Viluwiluwi wenye njaa hunyakua chochote kinachocheza mbele yao, hata kama ni kidole cha ndugu. Miguu itaota tena, kwani uwezo huo wanao kuliko takribani wanyama wengine wote wenye uti wa mgongo. Lakini nimewagawa katika mabeseni mawili kwa ukubwa, na nimeanza kufuga viroboto-maji, ambao, tofauti na artemia, hukaa hai katika maji ya kawaida hadi waliwe. Sasa nikichelewa kidogo, chakula kinakuwapo.

Wiki ya 11

Joto. Chumba kimefika nyuzi 25 mchana, na wanyama hawa ni wa maeneo ya ubaridi. Nyuti na salamanda wa moto hustarehe chini ya nyuzi 20. Salamanda wa moto hajala kwa siku tisa.

Jambo hili linahitaji maelezo kwa sababu lilinichanganya. Mwili wa amfibia hauzalishi joto lake, hivyo kasi ya kumeng'enya na kutumia chakula hufuata joto la mazingira. Kwa hesabu hiyo mnyama aliyepata joto angepaswa kula zaidi, na kweli kutoka nyuzi 14 hadi 19 ndivyo ilivyokuwa: kinyesi kilichokuwa kikichukua siku nne kutoka kilitoka siku ya pili. Lakini ukivuka kiwango anachoweza kustahimili, mwili unaingia katika dhiki, hamu inakatika, huku akiba inazidi kuungua. Wiki hii salamanda wa moto amepungua kutoka gramu 31.0 hadi 29.1 ilhali amelala tu chini ya gome.

Sikumlazimisha kula. Kumfungua mdomo mnyama aliyedhoofishwa na joto ni kumwongezea dhiki, na chakula kilichomezwa kwa nguvu mara nyingi hutapikwa. Nilihamishia matangi sakafuni katika chumba kisichopigwa na jua, nikaweka pangaboi dogo lipulize juu ya maji, na chupa za maji yaliyogandishwa zikabadilishwa asubuhi na mchana. Joto likashuka hadi nyuzi 20. Usiku wa tatu alitoka.

Wiki ya 12

Salamanda wa moto amerudi katika mwendo wake wa mara mbili kwa wiki, na nimechukua nafasi hii kujaribu aina za vyakula, kwa kuwa "mara ngapi" haina maana bila ya "nini".

Nyungunyungu wa kawaida wa udongoni ndiye bora. Ana nyama laini, ana maji mengi, na uwiano wake wa kalsiamu na fosforasi ni mzuri kuliko wa wadudu wengi wanaofugwa kwa ajili ya chakula. Nyenje wana fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo, kwa hiyo kabla ya kutolewa hulishwa vizuri siku moja, kisha hutikiswa ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu hadi wawe weupe. Funza wa nta ni mafuta matupu. Bonge hatawaona tena. Nyama ya ng'ombe na maini, ambavyo wafugaji wa zamani walivikata vipande vipande, sivitumii, kwa sababu mafuta ya mnyama mwenye damu ya joto hayafai katika mwili unaoishi kwenye nyuzi 18.

Wale minyoo wembamba wekundu wa kwenye lundo la mboji, Eisenia fetida, waliniharibia jioni moja. Salamanda wa moto alimnyakua mmoja kwa ulimi, akasita, akafungua mdomo kwa upana ambao sijawahi kuuona, akamtema, kisha akafuta midomo kwenye ukoka upande wa kulia na upande wa kushoto. Minyoo hawa hutoa majimaji machungu ya manjano wanapobanwa. Kwa siku tano alikataa hata nyungunyungu wa kawaida niliyemwonyesha kwa kibanio. Ilibidi nibadilishe kibanio chenyewe ndipo akakubali.

Chakula cha kuokotwa madimbwini nimekipiga marufuku moja kwa moja. Ukungu wa Batrachochytrium salamandrivorans, ulioelezwa na wanasayansi mwaka 2013 baada ya kuwaua karibu salamanda wote wa moto nchini Uholanzi, husafiri kwa maji na kwa udongo wenye unyevu, na viroboto-maji wa bure hawastahili hatari hiyo.

Wiki ya 15

Uzito wa Bonge ni gramu 66.0. Kasi hii inaniridhisha. Kuna aliyenishauri kumfungia chakula kwa mwezi mzima ili apungue upesi, nami nimekataa: mnyama aliyenona akinyimwa chakula ghafla huvunja mafuta mengi kwa mkupuo na kulielemea ini. Amebaki na nyungunyungu wawili, mara mbili kwa wiki, na kipande cha tatu hakipo.

Wiki ya 16

N3 anakonda. Alikuwa gramu 1.9, sasa ni 1.6, na mkia wake umekuwa bapa kama utepe. Nilidhani ni minyoo ya tumboni hadi nilipokaa mbele ya kioo kwa mlo mzima bila kufanya kitu kingine. Mabuu yalipoingia, N1 na N4 walifika kwanza. N3 alisogea, akanusa, akachukua nafasi, na N4 akamuuma mguu wa mbele na kuuvuta kana kwamba ni buu. N3 akarudi chini ya jani. Ratiba yangu ilisema tangi limelishwa siku moja baada ya siku moja. Kwa kweli nyuti wawili walilishwa hivyo, mmoja alipata nusu, na mmoja alipata makombo.

Kuanzia leo simhesabu mnyama kuwa amekula mpaka nimemwona akimeza. Kila mmoja anapewa kwa kibanio, N3 kwanza, katika kona yake, vipande vitatu vya nyungunyungu. Kibanio kitikiswe taratibu mbele ya pua. Kikitikiswa kwa nguvu humtisha. Inachukua dakika ishirini na tano. Sioni njia ya mkato.

Wiki ya 20

Viluwiluwi kumi waliobaki wanageuka. Matamvua yamesinyaa, pezi la mkia limepungua, na mmoja baada ya mwingine wanakataa chakula. Hili nililitarajia, kwa hiyo nimepunguza viroboto-maji na kuteremsha maji hadi sentimita mbili, pamoja na gome linaloteremka kama gati ili wapande wasizame. Kwa siku kadhaa mdomo, ulimi na utumbo hutengenezwa upya kwa ajili ya maisha ya nchi kavu, na hakuna mlo unaofaa wakati huo.

N3 amefika gramu 2.0.

Wiki ya 21

Wadogo wako nje ya maji, kila mmoja urefu wa sentimita tatu na ushee, na wamekuwa wagumu. Wamesahau kabisa chakula cha majini. Ninawapa mikia-fyatuo, wale wadudu wadogo weupe wanaorukaruka kwenye majani yanayooza, na inzi wa matunda wasioweza kuruka, kila siku, kiasi kidogo. Nimefuga mikia-fyatuo ndani ya sanduku lao lenyewe, juu ya makaa na ukoka, ili chakula kiwepo hata usiku wa manane. Kwa umri huu sijali kuzidisha: wanakua, na mnyama anayekua hanenepi kwa urahisi. Wakifika sentimita tano hivi, nitaanza kuacha siku moja moja bila kuwalisha.

Wiki ya 26

Majira ya baridi yameanza na nimeacha chumba kipoe. Tangi la nyuti linasoma nyuzi 12. Walikuwa wakimaliza vipande vitatu kila siku ya pili. Sasa wanamaliza kimoja na kukiacha cha pili kikilala mbele yao. Nimeshuka hadi mara mbili kwa wiki, na likifika nyuzi 10 nitashuka hadi mara moja. Uzito haujabadilika kwa wiki tatu, jambo linaloonyesha kwamba upungufu huo wa chakula hauwagusi.

Bonge ni gramu 63.2. Tumbo lake haliburuti tena, ingawa mafungu ya kwapani bado yapo, yamelegea. Sasa anakula kila siku ya tano, nyungunyungu mmoja mkubwa au wawili wadogo, na ninakusudia kumweka hapo.

Wiki ya 27

Kati ya wadogo kumi, tisa wana matumbo ya mviringo. Wa kumi, mwenye doa la kijivu mgongoni, alikuwa amekonda hata mbavu zake zikahesabika, na mikia-fyatuo ilimpita juu ya pua bila ya yeye kugeuka. Jana nilimhamishia katika kikopo cha peke yake chenye karatasi yenye unyevu, nikamwekea kipande cha nyungunyungu kisichozidi chembe ya mchele kwenye ncha ya unyasi. Dakika saba hakikutokea kitu. Ya nane akainamisha kichwa, akakitazama kwa jicho moja, akakirukia na kukikosa. Akakirukia tena, akakipata, na macho yake yakazama mara mbili.

Leo asubuhi ana gramu 0.3. Atalishwa tena jioni, kisha kesho, kisha kila siku, katika kikopo hicho hicho.